Bei ya Ofa Haiishii Mkahawani

Neno "ofa" limeingia kwa kishindo katika mazungumzo yetu ya kila siku, na sasa limepata makao katika milango ya mikahawa ya mji wetu. Mkahawa mmoja hutangaza baga pamoja na chipsi na soda kwa bei moja. Wa pili huahidi baga mbili kwa bei ya moja. Wa tatu humwambia mteja kwamba akiongeza shilingi chache tu atapewa chipsi nyingi zaidi na chupa kubwa zaidi. Matangazo hayo husambazwa kwa simu za mkononi, na inapofika jioni ya Ijumaa au siku ya Sikukuu, wazee na watoto wao huwa wamekwisha kuamua wakale wapi. Kwa sura yake ni jambo dogo. Lakini jambo linalogusa kwa wakati mmoja mfuko wa mwananchi, mwili wake na hazina ya Serikali halistahili kuachiwa watengenezaji wa matangazo peke yao.

Tuanze kwa kuondoa dhana mbaya. Gazeti hili halina ugomvi na baga. Nyama ya kusaga si ngeni katika visiwa hivi. Bibi zetu wamekaanga kababu na katlesi tangu zamani, kabla neno baga halijajulikana hapa. Kipande cha nyama kilichochomwa vizuri, kikawekwa ndani ya mkate pamoja na nyanya, kitunguu na majani ya saladi, ni chakula kama vyakula vingine. Wala hatuna ugomvi na mwenye mkahawa, ambaye analipa kodi, analipa umeme, na amewapa kazi vijana ambao pengine wangekaa barazani bila ya shughuli. Swali letu ni hili: ofa inauza kitu gani hasa, na baki ya bei yake inalipwa na nani?

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si wa mkahawa wowote maalumu. Tuseme baga inauzwa shilingi 10,000, chipsi shilingi 4,000 na soda shilingi 2,000. Vikinunuliwa kimoja kimoja, jumla yake ni shilingi 16,000. Mkahawa unatangaza ofa ya vyote vitatu kwa shilingi 13,000. Mteja aliyekuwa akivitaka vyote vitatu ameokoa shilingi 3,000, na hapana wa kumlaumu. Lakini mteja aliyeingia kwa nia ya kula baga peke yake ametoka akiwa amelipa shilingi 3,000 zaidi ya alivyokusudia, huku akiamini moyoni kwamba ameokoa kiasi hicho hicho. Huo ndio ujuzi wa ofa. Haikumpunguzia mteja huyu bei, bali ilimwongezea haja. Na si kwa bahati kwamba vilivyoongezwa ni chipsi na soda, kwa kuwa viazi, mafuta na maji yaliyotiwa sukari humgharimu muuzaji kidogo kuliko nyama, na faida yake ni nono.

Mtindo huu haukuzaliwa kwetu. Ulikuzwa Marekani, ambako kampuni ya McDonald's ilianza kuuza baga yake maarufu ya Big Mac nchini kote mwaka 1968. Katika miaka iliyofuata makampuni ya huko yaligundua kwamba mtu huona haya kuagiza sahani ya pili ya chipsi, lakini haoni haya yoyote kuagiza sahani moja iliyo kubwa. Kwa hiyo sahani zikakuzwa, vikombe vikakuzwa, na mlo wa pamoja kwa bei moja ukawa ndio desturi. Mwaka 2004, baada ya kelele nyingi za wananchi na wataalamu, McDonald's ilitangaza kuondoa kipimo chake kikubwa kupita vyote cha chipsi na soda huko Marekani. Kipimo hicho kiliondoka, lakini kanuni iliyokizaa ilibaki, na ndiyo iliyovuka bahari ikatufikia.

Sasa tutazame kilichomo katika sahani. Kwa mujibu wa hesabu zinazotangazwa na kampuni hiyo yenyewe huko Marekani, Big Mac moja ina karibu kalori 600. Akiongeza chipsi za wastani na soda ya wastani, mlaji hufikia takriban kalori 1,100. Mwanamke mzima huhitaji kiasi cha kalori 2,000 kwa siku nzima, na mwanamume kiasi cha 2,500. Hii ina maana kwamba baga peke yake ingeweza kuwa mlo wa mchana wa kawaida; vile vilivyoongezwa na ofa ndivyo vilivyokaribia kuufanya kuwa milo miwili iliyoliwa kwa mkupuo mmoja. Mkate, nyama, jibini na sosi za baga hiyo zina chumvi inayokaribia gramu mbili na nusu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Nusu ya haki yake ya chumvi imekwisha kabla hajaigusa chipsi.

Ama soda, hiyo ina hesabu yake peke yake. Soda ya kola yenye sukari kamili kwa kawaida ina kiasi cha gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 basi imebeba zaidi ya gramu 50. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa chakula cha siku, yaani kiasi cha gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na likasema kwamba ingefaa zaidi ishuke mpaka nusu ya hapo. Chupa moja imekwisha kuuvunja mpaka huo, na mnywaji hakushiba chochote, maana sukari iliyomo ndani ya maji hupita bila ya tumbo kuihesabu kuwa ni chakula.

Hapa yafaa tuliguse jambo la pili, nalo ni mapendeleo na miiko ya walaji. Kila jamii ina utaratibu wake wa kula, na sisi Waislamu, tulio wengi katika visiwa hivi, tuna utaratibu ulio wazi. Mteja wa Unguja au Pemba huuliza bila ya aibu: nyama hii imechinjwa na nani? Hilo ni swali jema, na mwenye mkahawa anajua kwamba akilijibu vibaya atafunga mlango. Lakini wanavyuoni wetu hawakutufundisha neno halali peke yake. Wametufundisha halali na tayyib, yaani kilichoruhusiwa na kilicho chema. Tumekuwa wakali katika neno la kwanza na tumelala usingizi katika la pili. Ni mara ngapi tumemsikia mteja akiuliza mafuta haya yamekaangia mara ngapi tangu yamiminwe? Ni nani aliyeuliza chupa hii ina vijiko vingapi vya sukari? Mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika, na uhalali wa kuku aliyekaangwa humo hauyarudishii uzima wake.

Wapo pia wenzetu wenye miiko mingine. Katika Mji Mkongwe wamo Wahindu ambao hawali nyama ya ng'ombe, na wengine miongoni mwao hawali nyama kabisa. Wapo wagonjwa waliokatazwa chumvi na waliokatazwa sukari. Wapo watu wa kawaida tu ambao wanapenda samaki kuliko nyama, nao wamezungukwa na bahari. Ofa haimjui hata mmoja kati ya hawa. Kwa tabia yake ofa ni kifurushi kilichofungwa: ukikitaka, kichukue kama kilivyo, ukibadilisha kitu kimoja, punguzo linaondoka. Mgonjwa wa kisukari anayeomba apewe maji badala ya soda huambiwa kwamba bei ni ile ile na soda ni ile ile, au kwamba maji yalipiwe kando. Kwa hiyo anayejilinda hutozwa zaidi kuliko asiyejilinda. Huo si uadilifu, na ni kasoro inayoweza kurekebishwa bila ya kumtia hasara mtu yeyote.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunawasingizia wageni makosa yaliyo yetu wenyewe. Wana sehemu ya haki. Sahani ya urojo yenye bajia na kachori imejaa vitu vilivyozama katika mafuta; chipsi mayai haikuletwa na kampuni yoyote ya kigeni; chai yetu ya asubuhi mara nyingi ni sukari iliyotiwa rangi; na tui zito la nazi, ladha yake isiyo na mfano, nalo lina mafuta yanayotaka kiasi. Hatudai kwamba kila cha kwetu ni dawa na kila cha kuja ni sumu. Tunalodai ni kwamba vyakula vyetu huuzwa kwa vipande, na mlaji huamua mwenyewe akome wapi. Anayenunua mishkaki miwili hununua miwili. Ofa ndiyo inayomwamulia kiasi, na kisha ikamshukuru kwa busara yake.

Watakuwapo pia watakaosema kwamba mtu mzima ana hiari ya tumbo lake. Kauli hiyo ingekuwa na nguvu kama gharama ya maradhi ingelipwa na mlaji peke yake. Lakini sivyo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilitangaza kwamba matibabu yatatolewa bila ya malipo, na mzigo huo imeendelea kuubeba kwa njia mbalimbali hadi kuundwa kwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2023. Shinikizo la damu na kisukari si homa ya siku tatu. Dawa zake ni za maisha. Na figo zikishaharibika, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila wiki, kwa muda wote uliobakia wa umri wake au mpaka apandikizwe figo nyingine. Maradhi yasiyoambukiza yanasababisha takriban robo tatu ya vifo vyote duniani. Si baga peke yake iliyoleta hayo, na atakayesema hivyo atakuwa amesema uongo. Lakini chumvi, sukari na uzito uliozidi ni miongoni mwa milango yake mikubwa, na ofa huifungua yote mitatu kwa mkono mmoja.

Katika jambo hili wakaazi wa visiwa wana mafunzo ya kupeana. Mwaka 1987 Serikali ya Mauritius, ndugu zetu wa Bahari hii hii ya Hindi, ilianzisha mpango wa kupambana na maradhi haya. Moja ya hatua zake ilikuwa kubadilisha mafuta ya kupikia yaliyokuwa chini ya usimamizi wa Serikali, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mawese, yakawa ya soya matupu. Hakuna mwananchi aliyekatazwa kukaanga. Alikwenda dukani kama kawaida yake, akanunua mafuta kama kawaida yake. Ilipofika mwaka 1992 wastani wa lehemu katika damu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Lakini habari ya Mauritius ina upande wa pili ambao ni lazima usemwe: katika miaka hiyo hiyo unene wa watu uliongezeka, na kisukari hakikupungua. Aina ya mafuta ilibadilishwa. Wingi wa chakula haukubadilishwa. Ndiyo maana tunasema kwamba wingi, ambao ndio bidhaa halisi ya ofa, hauwezi kuachwa nje ya mazungumzo.

Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, ilipita njia nyingine. Mwaka 2007 ilipiga marufuku kuingizwa kwa mikia ya bata mzinga, nyama ya bei ya chini yenye mafuta mengi iliyokuwa ikiletwa kutoka nje. Marufuku hiyo ilibidi iondolewe ili nchi hiyo iweze kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, ambalo iliingia mwaka 2012. Funzo lake ni kwamba kukikamata chakula kimoja na kukifungia mlango ni kazi ngumu, hasa kwa nchi ndogo. Yafaa zaidi kushughulikia namna chakula kinavyouzwa.

Uingereza nayo imejaribu. Kuanzia Aprili 2022 mikahawa mikubwa ya England, yenye wafanyakazi 250 au zaidi, ilitakiwa kuandika kalori mbele ya kila chakula. Nia ilikuwa njema, lakini tusitarajie miujiza: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2025 yalionyesha kwamba maandishi ya namna hiyo hupunguza kiasi cha kalori 11 tu katika mlo wa kalori 600. Pengine kwa kuutambua upungufu huo, kuanzia Oktoba 2025 England ilikwenda hatua ya pili, ikazuia maduka makubwa kuuza vyakula visivyofaa kwa mtindo wa "nunua kimoja upate cha pili bure", na ikazuia mikahawa kumjazia mteja soda ya sukari tena na tena bila ya malipo. Yaani waliona kwamba hesabu ukutani haitoshi ikiwa mpangilio wa bei unamsukuma mlaji upande wa pili.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yetu kwa wahusika wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na tunayatoa kwa heshima. La kwanza, na ndilo kubwa: kila mkahawa unaouza mlo wa pamoja utakiwe kumpa mteja hiari ndani ya bei ile ile. Anayetaka maji ya kunywa badala ya soda apewe. Anayetaka kachumbari, matunda au muhogo wa kuchemsha badala ya chipsi apewe. Hatua hii haihitaji maabara wala fedha za kigeni. Kwa mwenye mkahawa haina hasara ya kutajwa, na kwa mgonjwa ni mlango wa haki.

La pili, Wakala wa Chakula na Dawa uyatie mafuta ya kukaangia katika ukaguzi wake wa kawaida, kama unavyokagua usafi wa jiko, na mikahawa mikubwa iandike uzito wa nyama, aina yake na kiasi cha chumvi na sukari. Mwenye kibanda cha chipsi asibebeshwe mzigo wa makaratasi usiomfaa. Yeye apewe mafunzo. La tatu, matangazo ya ofa yasiwekwe mbele ya milango ya skuli, wala mtoto asirubuniwe kwa mwanasesere ili amlazimishe baba yake kununua. Chile ilikwisha kuyazuia mambo hayo kwa vyakula vyenye sukari na chumvi nyingi kwa sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2016, na biashara ya chakula huko haikufa.

La nne linawahusu watumishi wa Serikali wenyewe. Haipendezi kwa ofisi kuandaa semina juu ya maradhi yasiyoambukiza, kisha mbele ya kila mjumbe ikawekwa soda na kifurushi cha vitu vya kukaanga. Waheshimiwa waanze katika vikao vyao. Maji, madafu, machungwa na mihogo ya visiwa hivi vinatosha kumheshimu mgeni yeyote, na fedha zake zitabaki kwa mkulima wa Unguja na Pemba. Amri inayotekelezwa kwanza na mwenye kuitoa haihitaji polisi.

Kwa wananchi tuna neno fupi. Hatuwaambii msiende mkahawani. Furaha ya mzee kuwatoa watoto wake siku ya Idd ni haki yake, na baga ya mara moja moja haijamwangusha mtu. Hata Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani haukuikataza nyama nyekundu. Umeshauri tu isizidi gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki. Tunachowaomba ni kwamba kabla ya kusema "nipe ofa", muulize kwanza bei ya kile mlichokuja kukila. Chukueni baga peke yake na maji. Chipsi za mmoja zigawanywe kwa watatu. Na swali lile la nani aliyechinja lifuatiwe na la pili, la mafuta haya yana siku ngapi. Mwenye mkahawa aliyejifunza kulijibu la kwanza atajifunza kulijibu na la pili, mradi tumuulize sote.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe leo ni chupa ya soda na sahani ya chipsi iliyoongezwa juu ya njaa isiyokuwapo, kwa shilingi 3,000 ambazo mteja alidhani ameziokoa. Ukuta ni wodi, mashine na dawa za maisha, na atakayeujenga ni sisi sote. Wakati wa kuuziba ufa ungali upo, na kazi yake haizidi uwezo wetu.